Lukoba, Boma, Gereza: Ngome ya Chetambe katika Vita na katika Lugha

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anapotajiwa neno ngome, mawazo yake huelekea pwani moja kwa moja. Hukumbuka ngome ya Mombasa iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ikazingirwa na Waomani kuanzia 1696 hadi 1698, ikabadilisha mikono tena na tena hadi kugeuzwa gereza na Waingereza mwaka 1895. Hukumbuka ngome ya Lamu iliyojengwa baada ya vita vya Shela, na ile ya Siyu ambako watu wa Bwana Mataka waliwasumbua masultani wa Unguja kwa miaka mingi. Ni nadra akumbuke kilima kilicho juu ya mji wa Webuye, katika eneo la Bungoma, ambako pia palikuwa na ngome, nayo ikashambuliwa na kutekwa mwaka huo huo wa 1895.

Makala haya yanaichunguza ngome hiyo, ijulikanayo kwa jina la Chetambe, kupitia vita vilivyofuatana juu yake na kandokando yake. Hata hivyo, lengo si kusimulia vita pekee, kwani wanahistoria wamekwisha kufanya hivyo. Gideon Were alichapisha historia ya Waluhya mwaka 1967, na F. E. Makila akachapisha ya Wabukusu mwaka 1978. Swali linaloulizwa hapa ni la mwanafunzi wa Kiswahili: katika kila mojawapo ya vita hivi, Kiswahili kilisimama upande gani wa ukuta? Swali hili halina jibu moja, na baadhi ya majibu yake si ya kufurahisha.

Lukoba ni nini?

Kabla ya kuingia vitani yafaa kulitazama neno lenyewe. Katika Lubukusu, kijiji chenye ukuta huitwa lukoba, na katika wingi chingoba. Msomaji anayejua ngeli za Kiswahili hatapata taabu hapa. Ni uhusiano ule ule wa ukuta na kuta, au ubao na mbao, isipokuwa Lubukusu kimeihifadhi lu- ambayo Kiswahili sanifu kimeifupisha kuwa u-, na k ya mzizi imegeuka g baada ya nazali. Neno hili basi si geni kwa umbo. Ugeni wake umo katika maana.

Lukoba halikuwa jengo la askari. Hapa ndipo tafsiri ya haraka kwa neno ngome inapopotosha. Ngome za pwani, hasa zile za Wareno na Waomani, zilikuwa makao ya kikosi kilichotumwa kuulinda au kuutisha mji. Raia waliishi nje yake. Lukoba lilikuwa mji wenyewe. Ndani yake kulikuwa na nyumba za koo kadhaa, ghala za mtama na wimbi, wazee, watoto, na usiku ng'ombe pia. Ukuta ulikuwa wa udongo mnene, nje yake kukiwa na handaki, na udongo uliochimbwa handakini ndio uliopandishwa kuwa ukuta. Malango yalikuwa membamba ili adui asiweze kuingia kwa wingi. Joseph Thomson, Mskoti aliyefika Mumias mwezi Desemba 1883, aliona vijiji vya namna hii katika safari yake na kuviandika.

Ufundi huu ulizaliwa na mahitaji. Katika karne ya kumi na tisa, Wabukusu na Watachoni waliokuwa wakiishi kusini mwa Mlima Elgon walipigana kwa nyakati mbalimbali na Wateso waliokuwa wakisogea kutoka magharibi, na Wasabaoti wa mlimani, na Wanandi, na zaidi ya wote na Wamasai wa Uasin Gishu. Vita hivi vilikuwa vya mifugo. Adui alikuja alfajiri, akachukua ng'ombe na kuondoka. Ukuta na handaki vilitosha kumchelewesha, na kumchelewesha mwizi wa ng'ombe ni nusu ya kumshinda. Ieleweke pia kwamba desturi ya kuchimba ardhi ili kulinda mifugo ilikuwa ya zamani katika nyanda hizi. Kuzunguka Kitale, na kuvuka Trans Nzoia hadi Uasin Gishu na Cherangani, yapo mashimo mengi yanayoitwa ya Wasirikwa, ambayo wanaakiolojia, akiwamo J. E. G. Sutton, wameyaeleza kuwa mazizi yaliyochimbwa karne nyingi kabla ya mlowezi wa kwanza kufika. Mgeni anayetembelea makumbusho ya Kitale huweza kudhani kwamba mashimo hayo na chingoba za Bungoma ni mambo mawili yasiyohusiana. Waliyoyatengeneza walikuwa watu tofauti, ni kweli, lakini tatizo lililowakabili lilikuwa moja.

Chetambe palikuwa mahali pazuri kwa kazi hiyo. Kilima kinatazama bonde la Mto Nzoia na maporomoko ya Nabuyole, na aliye juu humwona mgeni mapema. Jina lenyewe linatokana na mtu, Chetambe Ifile, ambaye Watachoni humtaja kuwa wao na kuwa ndiye mwenye kuanzisha mji huo. Jambo hili si dogo, na litarejelewa.

Vita vya 1895

Chanzo cha vita vilivyoiangusha ngome kilikuwa bunduki, na bunduki zilikuja kwa njia ya msafara. Mumias, ambako wafanyabiashara wa pwani walikuita Kwa Sundu kwa jina la Shiundu, babake Nabongo Mumia, kulikuwa kituo cha misafara ya pembe za ndovu tangu zamani. Misafara hiyo ilileta nguo na shanga, ikaleta Uislamu, ikaleta Kiswahili, na ikaleta silaha. Baadhi ya bunduki zilibadilishana mikono kwa biashara. Nyingine zilipotea pamoja na wapagazi na askari waliotoroka. Kufikia miaka ya 1890 Wabukusu walikuwa na idadi fulani ya bunduki, na Waingereza waliokuwa wameanza kuweka kituo Mumias hawakulipenda jambo hilo.

Mwishoni mwa 1894, ofisa aitwaye Spire aliyekuwa Mumias alituma kikosi kidogo kwenda kuzidai bunduki. Kikosi hicho kiliuawa. C. W. Hobley alipofika mapema mwaka 1895 kuwa msimamizi wa eneo hilo, alikuta jambo hilo likimsubiri, akaanza kukusanya jeshi. Ikumbukwe kwamba wakati huo nchi yote hiyo ilihesabiwa kuwa sehemu ya Himaya ya Uganda, wala haikuunganishwa na iliyokuja kuwa Kenya hadi mwaka 1902. Kwa hiyo jeshi lililokwenda Chetambe halikutoka Mombasa wala Nairobi, mji ambao ulikuwa haujakuwapo. Lilitoka upande wa magharibi.

Orodha ya waliokuwamo katika jeshi hilo inastahili kusomwa polepole. Walikuwamo askari wa Kisudani chini ya maofisa wa Kiingereza, William Grant akiwa mmoja wao. Walikuwamo wapiganaji wa Baganda. Walikuwamo Wawanga wa Nabongo Mumia, jirani na mshindani wa zamani. Na walikuwamo Wamasai, mabaki ya wale wale wa Uasin Gishu ambao baada ya kuvunjwa na vita vya wao kwa wao walikuwa wametafuta hifadhi kwa majirani wa Kiluhya na kuwa mikuki ya kukodi. Maana yake ni kwamba adui ambaye ukuta ulijengwa kwa ajili yake alirudi, ila mara hii alikuja na mzinga.

Mwezi Agosti 1895 jeshi lilishambulia kwanza Lumboka, ngome nyingine ya Wabukusu, na kuiteka baada ya mapigano makali. Walionusurika walirudi nyuma, wengi wao wakakimbilia Chetambe. Kila aliyeandika juu ya siku hizo anakubaliana juu ya jambo moja la kijeshi: yale yaliyofanya lukoba kuwa salama ndiyo yaliyoligeuza kuwa mtego. Handaki lililomzuia mwizi wa ng'ombe kuingia liliwazuia wenyeji kutoka. Malango membamba yaliyomlazimu adui kupita mmoja mmoja yaliwalazimu waliokimbia kupita mmoja mmoja mbele ya bunduki. Ukuta wa udongo ulioweza kustahimili mikuki na mishale haukuweza kustahimili mzinga aina ya Hotchkiss. Mamia ya watu waliuawa katika vita hivyo, ng'ombe na kondoo wakachukuliwa, wanawake na watoto wakatekwa. Kisha mapatano yakafanywa.

Baada ya hapo chingoba zilikufa polepole. Hapakuwa tena na faida ya kukaa pamoja nyuma ya ukuta ambao ulikuwa umethibitika kuwa hauzuii kitu. Watu walitawanyika na kujenga kila mtu kwake, jinsi mashamba ya Bungoma yanavyoonekana leo. Mwanzoni mwa karne ya ishirini serikali ilimleta Murunga, mtu wa ukoo wa Mumia, kuwa chifu katika nchi ya Wabukusu, akakaa Kimilili. Kwa waliokumbuka nani alisimama na nani mwaka 1895, maana ya uteuzi huo haikuhitaji mkalimani.

Nani aliyeandika, na kwa lugha gani?

Hapa historia inamgusa moja kwa moja mwanafunzi wa Kiswahili. Pwani ina utamaduni mkubwa wa kuandika vita kwa utenzi. Mohamed bin Abdallah, akida wa Mombasa aliyemwasi Sultani Barghash na kupigwa mabomu ndani ya ngome na manowari za Waingereza mwezi Januari 1875, ana utenzi wake, uliotungwa na Abdallah bin Masud Mazrui na kuchapishwa pamoja na maelezo ya Mbarak Ali Hinawy mwaka 1950. Vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vina utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy. Vita vya Majimaji vina wa Abdul Karim bin Jamaliddini. Hawa wote walikuwa watu wenye hati ya Kiarabu, wenye bahari na wenye wasomaji.

Vita vya Chetambe havikuingia katika mkondo huo, ijapokuwa vilipiganwa katika kipindi hicho hicho. Maelezo marefu ya kuandikwa kutoka kwa aliyeshuhudia ni ya Hobley mwenyewe, katika kitabu cha kumbukumbu alichochapisha mwaka 1929, takriban miaka 34 baada ya tukio, akiwa mstaafu. Ni maelezo ya mshindi, yenye utulivu wa mtu anayesimulia kazi iliyokamilika. Walioshindwa wanaitwa humo Kitosh, jina lililotumiwa na watu wa nje na kuingizwa katika ramani na faili za serikali, ambalo wenyewe walilichukia hadi likaondolewa katika matumizi rasmi katika miaka ya 1950.

Je, Kiswahili kilikuwa wapi? Jibu la kweli ni kwamba kilikuwa nje ya ukuta. Ndicho kilichokuwa lugha ya msafara, ya kituo cha Mumias, ya wapagazi na wakalimani. Kilitembea na bunduki zilizouzwa na pia na waliokuja kuzidai. Wapo wapenzi wa Kiswahili wanaosimulia kuenea kwake bara kana kwamba lugha ilibebwa na upepo wa kaskazi hadi ikafika Elgon. Si hivyo. Kwa wengi wa waliokuwa ndani ya Chetambe, Kiswahili kilikuwa ni sauti ya upande wa pili, na si haki kuificha habari hiyo katika chama cha Kiswahili kuliko mahali pengine popote.

Upande wa ndani kumbukumbu ilihifadhiwa kwa njia nyingine. Wabukusu wana desturi iitwayo khuswala kumuse. Anapofariki mzee mwenye heshima, baada ya maziko, huja omuswali, mtaalamu wa usemi, naye hutembea mbele ya watu waliokusanyika akisimulia kwa saa nyingi chimbuko la watu, safari zao, koo zao, vita vyao na maonyo ya wahenga. Hiki ni kitanzu kamili cha fasihi simulizi chenye kanuni zake za mwendo, sauti na mpangilio, na ambaye hajapewa ruhusa ya kukifanya hakithubutu. Kando yake zipo nyimbo za litungu na nyimbo za tohara, ambayo Wabukusu huifanya mwezi Agosti katika miaka inayogawanyika kwa mbili, pamoja na utaratibu wa marika unaoihesabu miaka kwa vizazi. Asiyejua kwamba Bakikwameti walitangulia Bakananachi hataweza kuipanga historia ya eneo hili, hata akiwa na tarehe zote za Hobley mfukoni.

Katika kumbukumbu hii ya mdomo ndimo pia linamoishi lile swali la nani mwenye Chetambe. Vitabu vingi huiita ngome ya Wabukusu, kwa kuwa ndio waliokuwa wengi na ndio waliotajwa na Hobley. Watachoni husema kwamba kilima ni chao, mwanzilishi ni wao, na waliokufa humo walikuwa wao pia; Wabukusu wa Lumboka walipokelewa kama jirani aliyekimbia moto. Madai haya mawili si lazima yapingane, kwani lukoba, kama ilivyoelezwa, lilikuwa mji wa koo kadhaa. Yanapingana tu pale mtafiti anapokuja na neno ngome kichwani, akitafuta jeshi moja na kabila moja. Neno linapotafsiriwa vibaya huweza kuzua ugomvi wa ardhi ya historia ambao haukuwapo.

Septemba 1947

Ngome ilikaa kimya kwa miaka 52. Kisha ikaamshwa na mcheza kandanda.

Elijah Masinde wa Kimilili alikuwa amechezea timu ya Kenya dhidi ya Uganda mwaka 1930. Katika miaka ya mwanzo ya 1940 alikuwa kiongozi wa Dini ya Msambwa, vuguvugu lililowaita watu warudie ibada ya wahenga na kukataa amri za serikali, zikiwamo za kung'oa magugu na kuchimba matuta mashambani. Serikali ilimkamata, kisha ikamweka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari hadi mwaka 1947. Miezi michache baada ya kuachiliwa, mwezi Septemba, aliwaongoza maelfu ya wafuasi hadi Chetambe. Huko walichinja, wakaomba, na kuwalilia waliouawa mwaka 1895.

Maofisa wa wilaya walilisoma tukio hilo kama matayarisho ya uasi, na huenda hawakukosea kabisa. Lakini aliyesoma fasihi simulizi ya eneo hili huona kitu kingine kwanza. Waliokufa Chetambe hawakufa vitandani wakazungukwa na watoto wao. Hapakuwa na omuswali aliyesimama juu ya makaburi yao, maana makaburi yenyewe yalikuwa handaki. Deni la maombolezo lilikuwa limerithiwa na kizazi kilichozaliwa baada ya vita. Kwa mtazamo huu mkutano wa 1947 ulikuwa matanga yaliyocheleweshwa nusu karne, na Masinde, ambaye si lazima awe na cheo cha omuswali, alitenda kazi inayofanana na ya omuswali mbele ya umma mkubwa kuliko wowote ambao mtaalamu wa kawaida huupata. Ukuta uliokuwa umeshindwa kuwalinda watu ulipewa kazi mpya ya kuwakusanya.

Matokeo yalikuja haraka. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi mjini Malakisi na kuwaua watu 11. Siku chache baadaye Masinde alikamatwa, dini yake ikapigwa marufuku, naye akahamishiwa Lamu. Msomaji wa pwani atatabasamu kwa uchungu hapa: Lamu ni mji ambao ngome yake ilikuwa gereza la serikali tangu 1910. Neno gereza lenyewe wanaisimu wengi hulihusisha na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Jengo la sala likawa jina la jengo la wafungwa. Mtu aliyeigeuza ngome ya bara kuwa mahali pa sala akafungiwa kwenye kisiwa cha pwani. Alirudi nyumbani mwaka 1961.

Kitale na jina la Kiswahili

Jambo moja katika habari za Masinde hupitwa na wanahistoria kwa sababu linaonekana dogo. Dini iliyopinga kila kilicholetwa na wageni ilijiita kwa Kiswahili.

Katika Lubukusu roho ya mhenga ni kumusambwa, na wingi wake kimisambwa. Umbo hilo lina kiambishi cha mbele ku- na kiambishi ngeli mu-, kama ilivyo katika kumusala, yaani mti. Katika jina la vuguvugu ku- imeondolewa na mu- imefupishwa kuwa m-, sawasawa na Kiswahili kinavyofanya, kisha neno likafungwa kwa neno dini, la asili ya Kiarabu, kwa kiunganishi ya. Hili si jina la Kibukusu lililotafsiriwa na karani. Ni jina lililoumbwa kwa sarufi ya Kiswahili kuzunguka mzizi wa Lubukusu.

Kwa nini? Jibu liko Kitale zaidi kuliko Bungoma. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na kufikia wakati huo ardhi ya Trans Nzoia ilikuwa imegawiwa walowezi, wengi wao wakiwa wanajeshi wa zamani wa Vita Vikuu vya Kwanza. Wabukusu wengi waliishi katika mashamba hayo kama vibarua na maskwota, wakifanya kazi bega kwa bega na Wapokoti, Wasabaoti, Waturkana na wengineo. Lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili, mara nyingi kile Kiswahili kilichovunjika mifupa kiitwacho Kisetla, ambacho mlowezi alikitumia kwa kutoa amri tu. Jioni, katika vibanda vya vibarua, lugha hiyo hiyo ilipata sarufi yake yote, kwa kuwa huko watu walikuwa na mengi ya kusemezana kuliko kuamrishana. Dini ya Msambwa ilienea katika mashamba ya Trans Nzoia kwa njia hiyo, na matukio ya kuchomwa kwa mali za walowezi katika miaka hiyo yalihusishwa nayo. Ilivuka hadi kwa Wapokoti, ambako kiongozi wake Lukas Pkech na wafuasi wake walikabiliana na polisi huko Kolloa tarehe 24 Aprili 1950. Pkech na wengi wa wafuasi wake waliuawa, na maofisa watatu wa Kizungu wakafa pia. Jina la Lubukusu tupu lisingalifika Kolloa.

Kwa hiyo katika muda wa miaka 52 Kiswahili kilikuwa kimevuka handaki. Mwaka 1895 kilikuwa lugha ya kambi ya washambuliaji; mwaka 1947 kilibeba jina la wale waliokwenda kulia juu ya ukuta. Kilivukaje? Si kwa shule wala kwa sera, bali kwa jembe la kibarua.

Haifai hata hivyo kuifanya hadithi hii nzuri kuliko ilivyo. Neno boma, ambalo kwa asili ni ua wa kuzungukia nyumba au mifugo na ndilo pengine lililo karibu zaidi na lukoba kimaana, lilinyakuliwa na serikali ya kikoloni na kuwa jina la ofisi ya mkuu wa wilaya. Mkulima wa Kimilili aliyeitwa bomani katika miaka ya 1940 hakuitwa mahali pa usalama. Na serikali huru nayo haikuchelewa kumfunga Masinde mara kwa mara; dini yake ilipigwa marufuku tena mwaka 1968, na alipofariki mwaka 1987 alikuwa ameonja kifungo chini ya Waingereza na chini ya Waafrika wenzake.

Vita vya karibuni

Ngome ya Chetambe haikupiganiwa tena, lakini nchi inayoonekana kutoka juu yake imepiganiwa. Mapigano ya kikabila ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalizihamisha familia nyingi katika Bungoma na Trans Nzoia. Kuanzia 2006 hadi 2008, kundi lililojiita jeshi la kutetea ardhi ya Wasabaoti lilipigana katika Mlima Elgon kwa sababu ya mgogoro wa mashamba ya Chebyuk, na wengi waliokimbia walijikuta Kitale, Kimilili na Bungoma mjini. Mwezi Machi 2008 serikali iliwatuma wanajeshi. Mashirika ya haki za binadamu yaliripoti mateso na kupotea kwa watu, kwanza mikononi mwa kundi hilo, kisha mikononi mwa wanajeshi.

Operesheni hiyo ya kijeshi ilipewa jina la Kiswahili safi: Okoa Maisha. Mtaalamu wa mtindo ataona kitenzi katika hali ya kuamuru, umoja, bila mtenda na bila kusema ni maisha ya nani. Ni sarufi ya Kisetla ikiwa imevaa sare mpya. Kiswahili kilikuwa kimevuka handaki tena, kikarudi upande kilikotoka.

Mtafiti kijana wa fasihi anayetaka kuifanyia kazi Chetambe leo ana mahali pa kuanzia, na muda hautamsubiri sana, kwani waliokuwapo mwaka 1947 wakiwa watu wazima wamekwisha. Asianzie kilimani. Mabaki ya handaki yatamwonyesha umbo, hayatamwambia neno. Aanzie matangani kwa waswali, upande wa Wabukusu na upande wa Watachoni, na arekodi istilahi kama zinavyotamkwa: lukoba liandikwe lukoba, na maelezo yawe pembeni. Kisha aende Trans Nzoia, kwenye mashamba yaliyokuwa ya walowezi, ambako wajukuu wa watu wa Chetambe wanaisimulia habari hiyo kwa Kiswahili kwa sababu wameoa na kuolewa na Wapokoti na Wasabaoti. Awaulize wanaitaja kwa neno gani. Ikiwa wanasema ngome, au boma, au kitu kingine kabisa, hiyo ndiyo sura ya historia ya Chetambe ambayo bado haijaandikwa.